Kutoka mashine ya nukta nundu hadi kompyuta ya ofisi: ya kuandaa mapema kwa mwanafunzi asiyeona

Mwanafunzi asiyeona anapomaliza sekondari Tanzania huwa anategemea vitu vitatu: mashine ya nukta nundu (maandishi ya vidoti vilivyoinuka yanayosomwa kwa vidole), rafiki wa kumsomea, na mwalimu mmoja anayejua mahitaji yake yote kwa kichwa. Siku anaporipoti kazini hakuna hata kimoja kinachomsubiri. Ofisini hakuna anayesoma nukta nundu, wenzake wana kazi zao, na yule mwalimu kabaki shuleni na kidato kingine. Sheria zipo, tena nyingine nzuri, lakini haziwashi kompyuta. Wengi wetu tuliopita njia hii tumeona watu wenye vyeti vizuri wakikwama wiki ya kwanza kazini kwa mambo ambayo yangemalizwa kidato cha pili.

Maelezo haya yanawahusu wasioona na wenye uoni hafifu. Viziwi wana mambo yao, na suala la mkalimani wa lugha ya alama peke yake linatosha kujaza kurasa.

Tuanze na mtihani, maana hapo haki imeandikwa kwa tarakimu. Baraza la Mitihani la Tanzania humwongezea mtahiniwa wa kundi hili dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Karatasi ya Historia ya saa 3 inakuwa saa 3 na nusu. Ya Hisabati inafika saa 4. Namba hizo zikaririwe, kwa sababu zitahitajika tena miaka mingi baadaye kwenye usaili.

Kwa anayeona, nusu saa ya nyongeza inaonekana upendeleo mkubwa. Sasa hesabu karatasi. Ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kawaida hutoa kurasa mbili na nusu hadi tatu za nukta nundu, kwa hiyo mtihani wa kurasa 6 ni bunda la kurasa 15 hadi 18. Anayeona hurudi kwenye habari ya ufahamu kwa kupepesa jicho. Asiyeona hurudi kwa kufungua kurasa na kuitafuta aya kwa kidole. Wazoefu husoma maswali kwanza, kisha hukunja pembe ya ukurasa habari inapoanzia na pembe ya ukurasa maswali yanapoanzia. Ni jambo dogo, lakini linaokoa dakika nyingi kuliko kusoma haraka.

Kinachoharibika mara nyingi hakiharibikii chumba cha mtihani, kinaharibikia kwenye usajili. Karatasi hufungashwa kufuatana na orodha iliyotoka shuleni. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayejikongoja na kitabu cha kawaida huandikishwa kama wengine, na siku ya mtihani anapewa maandishi madogo kama ya wengine. Au yule ambaye macho yamekuwa yakipungua tangu kidato cha kwanza anaandikishwa maandishi makubwa kwa kumbukumbu za zamani, wakati sasa anasoma kwa vidole. Msimamizi hana la kufanya asubuhi hiyo. Mwanafunzi mwenyewe amwendee mwalimu wa taaluma kipindi cha usajili na aulize swali moja: nimeandikishwa katika kundi gani? Huo ndio mwanzo wa kujisemea, na kazini atahitaji kujisemea kuliko kitu kingine chochote.

Halafu kuna mashine. Nyingi zilizoko mashuleni ni Perkins, muundo ule ule uliotoka Marekani mwaka 1951: vibonye 6 vya nukta, kibonye cha nafasi katikati, kimoja cha kushusha mstari na kimoja cha kurudi nyuma. Uzito wake unakaribia kilo 5, na kwenye karatasi kubwa inatoa mistari 25 yenye nafasi 42 kila mmoja. Ni chuma cha kudumu, ndiyo maana unaweza kukuta mashine iliyofika shuleni kabla mwanafunzi hajazaliwa. Maadui zake ni vumbi na karatasi nyepesi. Vumbi hukwamisha kibonye kisirudi juu. Karatasi nyepesi hutoboka badala ya kuvimba, na bunda likishalaliwa na mabunda mengine nukta husinyaa. Msahihishaji anapapasa ukurasa laini.

Kasoro mbaya kuliko zote ni ile isiyopiga kelele: nukta moja kukataa kuinuka. Mkono unahisi umeandika sawa, sauti ni ile ile. Kila herufi ni mpangilio wake wa nukta kati ya zile 6. Chukua nukta ya 3, ile ya chini kushoto. Ikifa, m inakuwa c, l inakuwa b, k inakuwa a, s inakuwa i, o inakuwa e, t inakuwa j. "Mlima" unasomeka "cbica". "Moto" unakuwa "ceje". Mtahiniwa kajibu Jiografia yake vizuri kabisa, lakini anayegeuza majibu hayo kuwa maandishi ya kawaida ana lugha isiyozungumzwa popote duniani. Kinga yake haifiki dakika moja: kabla ya mtihani, piga mstari mzima wa nafasi zenye nukta zote 6, kisha pitisha kidole taratibu. Palipo na pengo patajisema. Chumba kiwe na mashine ya akiba, hata moja kwa watahiniwa wanne, na chumba hicho kiwe cha peke yake, kwa sababu mashine nne zikigonga kwa pamoja hakuna mtahiniwa wa kalamu atakayeweza kufikiri jirani yao.

Yote hayo yakienda sawa, mwanafunzi anafaulu. Na hapo ndipo shule nyingi huona kazi imekwisha.

Kazi ilitakiwa iwe imeanza kwenye kibodi. Mhitimu anaweza kuandika insha safi kwa nukta nundu na bado akafika kwenye kompyuta akitafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Mwajiri anayemtazama hasemi "huyu hajafundishwa kuchapa". Anasema "asiyeona hawezi". Mafunzo yaanze kidato cha pili kwa kuchelewa sana, nusu saa kila siku, vidole vyote kumi, vidole vya shahada vikikaa kwenye vile vivimbe vya F na J. Lengo la maneno 30 kwa dakika kabla ya kidato cha nne linafikika bila miujiza. Shule haina kompyuta? Kibodi iliyochomolewa kwenye kompyuta mbovu inatosha kufundisha vidole vikae wapi, hata umeme ukiwa umekatika. Ikipatikana simu ya Android na kile kiunganishi kidogo cha OTG, kibodi hiyo hiyo ya USB inachomekwa kwenye simu, TalkBack, programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti, inasoma kila herufi inayopigwa, na mwanafunzi ana darasa la uchapaji mfukoni.

Kompyuta ikipatikana, programu ya kusoma skrini isiwe kisingizio. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, kisha akajiunga naye mwenzake asiyeona, James Teh, na leo inatumika kwenye ofisi za kila aina. Sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo ina Kiswahili ndani yake, lakini watu wengi hawaigusi. Wanaiacha sauti ya Kiingereza isome barua ya Kiswahili, wanasikia vurugu, wanasema programu ni mbovu. Badilisha lugha kwenye mipangilio ya sauti, na jifunze kuibadilisha haraka, maana ofisi zetu zinachanganya lugha mbili ndani ya waraka mmoja. Mwanafunzi ajue kwa vidole, bila kufikiri: H ya kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine kwenye ukurasa wa wavuti, Insert na F7 kuorodhesha viungo, Insert na T kusikia yuko kwenye dirisha gani. Hiyo ya mwisho inadharauliwa sana, na ndiyo inayomwokoa mtu anayedhani anaandika ripoti kumbe anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kuhusu uoni hafifu, na hapa wanafunzi wenye ualbino ni wengi, kosa la kawaida ni fotokopi. Mwalimu anachukua karatasi ya A4, anaikuza hadi A3, anajiona kamaliza. Ukuzaji huo ni asilimia 141 tu: herufi ya 12 inakuwa kama 17, karatasi inazidi upana wa dawati, na wino wa fotokopi unageuka kijivu. Mwanafunzi anasogeza kichwa kutoka ukingo hadi ukingo na mstari unampotea. Faili lile lile likifunguliwa na herufi zikawekwa 18 hadi 24, nene kidogo, kwenye A4, anasoma bila kuhangaika. Ni dakika tano za kazi kwa aliye na faili, ndiyo maana faili lihifadhiwe, karatasi pekee haitoshi.

Tena macho ya wengi wao hucheza, na wakiinamisha kichwa upande fulani hutulia. Mwalimu anayemwambia mtoto "kaa vizuri, nyoosha shingo" anamnyang'anya pembe anayoonea. Akae mbele, mgongo wake ukielekea dirishani, na awe na ruhusa ya kunyanyuka kwenda ubaoni bila kuomba kila mara. Darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao husaidia ikiwa mtoto amefundishwa kuitumia. Akipewa tu bila mazoezi hubaki kwenye begi kwa aibu ya wenzake.

Kazini mambo haya yanageuka kuwa mambo ya taa na jua. Meza isitazamane na dirisha. Kwenye Windows, kibonye chenye nembo ya Windows na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji cha skrini. Hakuna haja ya kununua chochote. Kwa kazi za nje, kama ugani au ukusanyaji wa mapato sokoni, mfanyakazi mwenye ualbino aombe kwa maandishi ratiba ya kutoka mapema asubuhi na jioni, ili kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni awe ndani, sare ya mikono mirefu, na kofia ya ukingo mpana kuzunguka pande zote. Kofia ya mbele tu huacha masikio na shingo, na huko ndiko ngozi inakoungulia. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, Kilisun, yanajulikana kwa wengi. Kinachosahauliwa ni kuyapaka tena mchana, hasa kwa anayetoka jasho.

Chuo kikuu ni daraja zuri kikitumiwa kama daraja. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo athibitishiwe ulemavu wake mapema na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya, kwa sababu mhuri huo ukikosekana maombi yanabaki bila uzito uliostahili, na foleni ya mhuri huwa ndefu wiki ya mwisho. Atunze nakala kadhaa. Karatasi hiyo itatakiwa tena.

Akishaingia, ushauri wetu ni mmoja: aombe kufanya mitihani kwa kompyuta tangu muhula wa kwanza, asisubiri mwaka wa tatu. Nukta nundu inabaki kuwa njia bora ya kusoma hesabu na kuandika dondoo zako, lakini mtihani wa nukta nundu chuoni lazima umsubiri mtu wa kuugeuza, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja kwa chuo kizima, matokeo yanachelewa. Wa kompyuta mhadhiri anausahihisha mwenyewe kesho yake. Masharti ya chumba: kompyuta mpakato yenye betri inayodumu kuliko muda wa mtihani, vipokea sauti vya masikioni, intaneti imezimwa, flashi mpya aliyoikagua msimamizi, na Ctrl na S kila baada ya jibu. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, saa nzima ya majibu inaondoka, na mara nyingi hakuna kanuni inayosema nani alipe muda huo. Ombeni kanuni hiyo iandikwe kabla, msisubiri tukio.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo usaili wa kwanza wa kweli. Wanafunzi wengi wasioona hupangiwa mahali pepesi, wanakaa mapokezi wiki nane wakinywa chai, wanapewa alama nzuri kwa huruma. Hiyo ni hasara iliyofungwa utepe. Mwanafunzi aende akiwa na orodha ya kazi tatu anazotaka kuzifanya mwanzo hadi mwisho, tuseme kuandika muhtasari wa kikao, kuingiza takwimu za wiki, kujibu barua pepe za idara, na aandike kila siku nini kilimkwamisha. Orodha ya vikwazo ya wiki nane ndiyo itakayomwambia aombe nini kazini, kwa sababu hakuna daktari wala mwalimu anayejua ni kisanduku kipi cha mfumo wa mahudhurio ambacho NVDA inakisoma "kitufe" bila jina.

Sasa maombi ya kazi. Je, mtu aseme kuwa haoni? Kwa kazi za serikali jibu ni rahisi, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanawataka waombaji wenye ulemavu waainishe ulemavu wao ndani ya mfumo wa maombi. Ainisha, vinginevyo siku ya usaili utakuwa unaomba msaada ambao hakuna aliyejulishwa. Kwa kampuni binafsi, mawazo yanatofautiana. Sisi tunaona barua ya kwanza izungumzie kazi na sifa peke yake. Ukiitwa usaili, hapo hapo tuma ujumbe kuhusu mahitaji. Kutokea tu mlangoni na fimbo nyeupe bila taarifa kunawafanya wasaili watumie dakika zao kushangaa, na dakika hizo zimekatwa kwenye muda wako.

Ujumbe wenyewe usiwe maelezo ya ugonjwa wa macho. Mwajiri hajui glakoma itamsaidia nini. Andika vitu vinavyoshikika, kwa mfano:

"Nimeitwa usaili wa vitendo. Sioni, na natumia kompyuta kwa programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Naomba mambo matatu: maswali yawe kwenye faili la Word badala ya karatasi; niruhusiwe kutumia kompyuta yangu au kuendesha NVDA kutoka kwenye flashi yangu; na niongezewe dakika 10 kwa kila saa, kiwango kile kile kinachotumiwa na Baraza la Mitihani. Nitafika nusu saa kabla kukagua sauti."

Tazama lile la dakika 10. Anayepokea ujumbe hana namba nyingine kichwani. Ukimwachia abuni, atasema hapana au atatoa muda holela ambao mwingine ataulalamikia. Ukimpa kiwango kinachojulikana nchini anakubali kwa sababu kina mahali pa kuegemea. Na ile nusu saa ya kukagua sauti si adabu tu. NVDA ya kubebeka haihitaji kusakinishwa, lakini kompyuta nyingi za ofisi zimefungiwa flashi, nyingine hazina sauti kabisa kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji, na madirisha yale ya ulinzi ya Windows yanayouliza nenosiri la msimamizi, NVDA ya flashi haiyasomi. Afisa TEHAMA awe karibu kipindi hicho. Beba vipokea sauti vya aina mbili, vya pini na vya USB.

Usaili wa mchujo ukiwa wa kuchagua majibu kwa kompyuta, omba kuona swali moja la mfano kabla. Kama mfumo unaonyesha maswali kama picha, hakuna programu itakayoyasoma vizuri, na hapo ombi libadilike liwe msomaji wa sauti: mtu wa taasisi, si ndugu yako, anayesoma neno kwa neno bila kufafanua.

Kuna wanaoingia usaili wakianza na sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kenya wameweka asilimia 5. Ifahamu, lakini ijue na hesabu yake. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6 ya mtu. Mtu kamili wa kwanza anatokea wafanyakazi wakifika 34, na mwajiri wa watu 25 anaweza kukujibu kwa kikokotoo. Tena kiwango hicho kinahesabu vichwa. Hakikununulii kiti wala kukusomea barua. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, ina nguvu zaidi pale ambapo tayari umeomba kitu kwa maandishi ukanyimwa bila sababu. Ndiyo maana tunarudia neno maandishi.

Siku ya kwanza kazini kikwazo cha kwanza huwa si kompyuta. Ni daftari la mahudhurio pale mapokezi. Jina lako liko mstari gani leo? Dawa yake: mwombe katibu muhtasi jina lako liwe mstari wa kwanza wa kila ukurasa, na kibanio cha karatasi kiwekwe kwenye ukurasa wa leo. Kwa saini, chukua kadi ngumu yenye ukubwa wa kadi ya benki, kata ndani yake dirisha la sentimita 6 kwa 1.5, ukingo wa chini wa dirisha ulalie kwenye mstari. Mtu anakuwekea kadi mahali, wewe unasaini ndani ya dirisha. Fanya mazoezi hadi saini ifanane kila mara, maana isiyofanana ndiyo inayowapa watu wa benki hoja ya kukuletea wino wa kidole gumba. Kadi ikae kwenye pochi daima.

Kisha nyaraka. Hapa ofisi zetu zina mzunguko wa ajabu. Barua inachapwa kwenye Word, inaprintiwa, inapigwa mhuri, inaskaniwa, inapigwa picha kwa simu, inatumwa kwenye grupu la WhatsApp. Ilianza ikiwa maandishi yanayosomeka, imefika ikiwa picha. TalkBack inasema "picha" na kunyamaza. Programu kama Lookout na Seeing AI zinaweza kuyavuta maandishi kwenye picha, na kwenye Windows 10 na kuendelea Insert na R ya NVDA inajaribu hivyo hivyo kwa PDF iliyoskaniwa, lakini mhuri ukikaa juu ya tarehe, tarehe inapotea, na mwandiko wa mkono usitegemee kabisa. Bosi anayeandika maelekezo kwa kalamu pembeni mwa dokezo anamwandikia mtu mwingine, si wewe. Mwombe atume sauti ya nusu dakika. Mabosi wengi wakishazoea wanaona ni rahisi kuliko kalamu. Kwa barua, usiombe "mnisomee". Omba masijala wakutumie lile faili la Word kabla ya kuprinti. Msomaji akienda likizo ombi la kwanza linakufa. La pili linakuwa desturi ya ofisi.

Majedwali ya Excel yana mitego miwili. Seli zilizounganishwa humpoteza msomaji wa skrini asijue yuko safu gani; ziunganuliwe, na vichwa vikae mstari mmoja juu. Mtego wa pili ni rangi. "Waliolipa nimewapaka kijani" ni taarifa isiyosikika. Iongezwe safu moja iandikwe AMELIPA au BADO. Wanaoona nao hufaidika, kwani sasa wanaweza kuchuja orodha.

Nukta nundu haifi hapo. Sleti, kibao kidogo cha kuandikia nukta nundu kwa mkono, na kalamu yake ya kutobolea zinaingia mfukoni, zinaandika kutoka kulia kwenda kushoto ili upande wa pili usomeke sawa, na kikaoni hazihitaji umeme wala vipokea sauti vinavyoziba sikio wakati mwenyekiti anaongea. Lebo za majalada, namba za simu za ndani, ajenda ya kikao unachokiongoza, vyote viwe vya nukta nundu. Aliyeitupa kwa kuona ni ya shule hujikuta akisoma hotuba yake kwa sauti ya mashine ndani ya sikio moja, akichelewa neno moja nyuma.

Miezi mitatu ya kwanza ikipita, kaeni na msimamizi wako na afisa utumishi, muandike ukurasa mmoja: kazi zako, kila kazi inafanyikaje, kifaa gani, nani anawajibika kikiharibika. Kwa mfano: NVDA kwenye kompyuta ya meza ya dirishani, isiondolewe kompyuta ikifanyiwa matengenezo, nakala ya mipangilio iko kwenye flashi mbili, moja kwako na moja TEHAMA. Mstari huo umetokana na Jumatatu nyingi za watu waliokuta kompyuta imesafishwa mwishoni mwa wiki na iko kimya. Usaini ukurasa huo ndani ya dirisha la kadi yako, nakala iingie kwenye jalada lako binafsi, na ukipata uhamisho piga simu kituo kipya kabla ya kuripoti uulize kama jalada limefika na kama ukurasa huo umo.